Shajara ya mradi: maghala manne, faiawoli pepe, na njia zinazojitafuta

Jumatatu, 14 Julai 2025. Mtwara

Naanza kuandika nikiwa bado na uchungu wa msimu uliopita. Siku ya mnada wa korosho, ghala letu la Masasi lilipotea kwenye mtandao saa tatu asubuhi. Faiba ilikuwa imekatika mahali fulani barabarani. Laini ya akiba, ile ya simu, ilikuwa hai muda wote na taa yake ya kijani ikiwaka, lakini hakuna hata pakiti moja ya data iliyopita humo. Mimi nilikuwa juu ya bodaboda kati ya Tandahimba na Newala. Malori yalipanga foleni, makuli wakakaa kivulini, na karani wa mizani akaandika uzito wa magunia kwenye daftari la karatasi hadi saa nane mchana, nilipofika mahali penye mtandao wa simu na kubadilisha njia kwa mkono.

Kisa chake nilikielewa baadaye, nikiwa nimetulia. Maghala yetu yanaunganishwa kwa mahandaki ya WireGuard, yaani njia za siri zinazopita juu ya intaneti. Handaki la WireGuard halina tabia ya kufa. Upande wa pili usipojibu, halipigi kelele. Lenyewe linafunga pakiti kwa siri na kuituma. Waya ukikatika huku nje, intafesi ya handaki, yaani mlango wake kwenye mashine, inabaki "juu" vilevile. Nami nilikuwa nimeandika njia mbili za kudumu, ya kwanza kupitia faiba, ya pili kupitia simu, nikitegemea ya kwanza ikizimika ya pili ishike. Ya kwanza haikuzimika. Ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti, iliendelea kuitupia mizigo kwa uaminifu wote, na mizigo ikaangukia kwenye shimo.

Mradi ni huu, basi: kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, sehemu zetu nne (Mtwara mjini, Lindi mjini, Masasi na Newala) ziwe na njia zinazojitafuta zenyewe. Kila sehemu ina seva ndogo yenye Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya chuma kimoja), na faiawoli, mlinzi anayeamua pakiti ipi ipite, itakuwa mashine pepe ndani ya seva hiyo. Bajeti ya vifaa vipya ni ndogo sana.

Alhamisi, 17 Julai

Siku nzima ya kusoma na kuchagua.

Nilianza na kifaa cha zamani kilichopo ofisi kuu, Cisco ASA kilichogawanywa kuwa faiawoli kadhaa pepe ndani ya chuma kimoja. Mgawanyo huo ni mzuri: idara ya fedha ina ukuta wake, ghala lina wake, na hakuna anayeona sheria za mwenzake. Lakini toleo lililomo ni 8.4, na katika matoleo hayo ukishakigawa kifaa unabaki na njia za kuandika kwa mkono tu. Itifaki za njia ni lugha ambazo ruta hupashana habari za njia zenyewe: OSPF na EIGRP ziliruhusiwa ndani ya vigawanyo hivyo kuanzia toleo la 9.0, na BGP ikaja na 9.2. RIP, itifaki nyingine ya zamani, na OSPF ya IPv6 hazikuwemo katika ruhusa ile ya 9.0. Nayaandika haya kwa sababu ni mtego wa kweli kwa mnunuzi: karatasi ya bidhaa inasema "inatumia OSPF", na ni kweli, ila si katika hali ambayo wewe unataka kuitumia. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: nikishakigawa kifaa, ndani ya kigawanyo kimoja, itifaki zipi zinabaki?

Kwenye FortiGate kila kigawanyo kina jedwali lake la njia na kinaweza kuendesha RIP, OSPF, BGP na IS-IS. Palo Alto wana ruta pepe ndani ya faiawoli yao, yenye RIP, OSPF na BGP. vSRX, faiawoli pepe ya Juniper, inabeba karibu kila kitu ambacho Junos, mfumo wa ruta zao, inabeba. Zote nzuri, zote za leseni ya kila mwaka, na leseni mara sehemu nne hatuiwezi.

Upande wa programu huria, pfSense, OPNsense na VyOS zote zinaegemea injini moja ya njia, FRRouting, iliyochipuka kutoka Quagga na kutangazwa chini ya Linux Foundation mwaka 2017. Kwa hiyo kwa upande wa itifaki zinafanana sana. Kinachozitofautisha ni mlinzi mwenyewe: pfSense na OPNsense zinakaa juu ya FreeBSD na hutumia pf, VyOS inakaa juu ya Linux na hutumia nftables. Nimechagua VyOS. Naijua Linux kuliko FreeBSD, na usanidi wake wote ni maandishi ninayoweza kuyahifadhi, kuyalinganisha na ya jana, na kuyarudisha.

Itifaki: OSPF. RIP inahesabu vituo tu, haijui kwamba kituo kimoja ni faiba na kingine ni simu, na hutangaza njia kila baada ya sekunde 30. EIGRP iliandikwa wazi katika RFC 7868 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) mwaka 2016, lakini nje ya Cisco bado ni nadra kuikuta imekomaa. OSPF iko katika RFC 2328 ya mwaka 1998 na imezeeka vizuri: kila ruta inachora ramani nzima, kisha inatafuta njia ya gharama ndogo kwa hesabu aliyoichapisha Dijkstra mwaka 1959.

Ijumaa, 25 Julai. Masasi

Nimelala Masasi siku mbili. Hewa ya asubuhi imejaa harufu ya salfa, mikorosho inapuliziwa, na mzee wa ghala ananiuliza kila anaponiona: "Mwanangu, mwaka huu mashine itatutupa tena?" Namjibu hapana. Jibu hilo nimelibeba kichwani kutwa.

Mashine pepe ya kwanza imewaka. Handaki kwenda Mtwara linapita kwenye faiba, handaki kwenda Lindi linapita kwenye laini ya simu. Laini ya simu haina anwani ya IP ya wazi, kwa hiyo Masasi ndiyo inayoanza mazungumzo na kutuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili mlango wa mtoa huduma usijifunge.

Nikawasha OSPF pande zote mbili. Ruta za OSPF huanza kwa salamu: kila sekunde 10 kila moja inatuma salamu kwa anwani ya kundi, 224.0.0.5, na ndani ya salamu inaorodhesha majirani iliowasikia. Ukijiona kwenye orodha ya mwenzako, unajua anakusikia. Sekunde 40 zikipita kimya, jirani anahesabiwa amekufa.

Masasi ilionyesha jirani Mtwara katika hali ya Init. Mtwara haikuonyesha jirani yeyote.

Hapo nilipoteza saa tatu. Nilifungua tcpdump, chombo cha kutazama pakiti zinazopita, kwa upande wa Mtwara na kuona salamu za Masasi zikiingia moja baada ya nyingine, kila sekunde 10, safi kabisa. Nikasema kama zinafika, basi tatizo ni usanidi wa OSPF. Nikakagua namba za eneo, muda wa salamu, aina ya mtandao. Vyote sawa.

Kosa langu lilikuwa kuisahau tcpdump inasimama wapi. Inaona pakiti ikiwa bado mlangoni, kabla mlinzi hajaigusa. Salamu zilikuwa zinafika kwenye intafesi kisha zinatupwa na faiawoli ileile iliyokuwa ikizisubiri. Sheria zangu za kuingia kwenye mashine yenyewe ziliruhusu TCP na UDP za usimamizi, itifaki mbili zinazobeba data ya programu nyingi, basi. OSPF si TCP wala UDP. Inasafiri moja kwa moja juu ya IP kwa namba 89. Ruta ya kawaida haina mlinzi huyo, ndiyo maana aliyezoea ruta hulisahau hili.

Na hali zenyewe zilikuwa zimeshanieleza yote, kama ningezisoma: Masasi inamsikia Mtwara lakini haijioni kwenye orodha yake, kwa hiyo Init, Mtwara haimsikii mtu, kwa hiyo tupu. Aliyeziba masikio ni yule asiyeona jirani. Nikaongeza sheria moja, namba 89 kutoka kwenye intafesi za mahandaki tu, na ndani ya sekunde chache jirani akawa Full, yaani ujirani umekamilika.

Upande wa ghala, kule zinakochomekwa kompyuta na mizani, intafesi nimeifanya ya kimya. Mtandao wake unatangazwa, lakini salamu haitoki wala haipokelewi. Ghala lina watu wengi wanaoingia na kutoka. Asiwepo anayechomeka kompyuta yake na kujitangaza kuwa njia ya kwenda Mtwara.

Jumanne, 29 Julai

Lindi imeunganishwa na Mtwara. Dakika 40, bila shida.

Jumamosi, 2 Agosti. Newala

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na jioni kuna baridi ambayo mtu wa Mtwara mjini haitarajii. Ofisi ya ghala ina chumba kimoja chenye dirisha linaloelekea bonde la Ruvuma. Nimefanya kazi na koti.

Jirani hapa alikwama ExStart, hatua ya kuanza kubadilishana ramani. Salamu zinapita, wanajuana, lakini wakitaka kubadilishana orodha za ramani wanaganda, wanaanza upya, wanaganda tena. Safari hii sikupoteza muda. Katika hatua hiyo kila ruta inamtajia mwenzake ukubwa wa juu wa pakiti wa intafesi yake, na aliyetajiwa ukubwa unaozidi wa kwake anaikataa pakiti. Mtwara ilikuwa na 1420, ndio ukubwa wa kawaida wa WireGuard. Newala nilikuwa nimeshusha hadi 1380, kwa sababu laini ya simu ya hapa ilikuwa inameza pakiti kubwa.

Ipo amri ya kuiambia OSPF isijali tofauti hiyo. Sikuitumia. Majirani wangekubaliana, jedwali la njia lingejaa, kila kitu kingeonekana kizuri, halafu karani angefungua faili kubwa na lingegandia katikati kwa sababu pakiti kubwa bado hazipiti. Malalamiko ya OSPF hapa yalikuwa ya haki. Nimeweka 1380 pande zote mbili na imekwenda.

Karani aliniletea ming'oko ya kuchemsha. Nimeila yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nusu ya ofisi iko Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho. Nimetumia utulivu huo kuandika michoro ya mtandao na kubandika nakala kwenye mlango wa kila kabati.

Jumanne, 12 Agosti. Mtwara

Siku hii naiandika kirefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi katika mradi wote.

Saa nne asubuhi karani wa Masasi alipiga simu. "Kaka, mfumo haufunguki kabisa."

Nikapiga ping, ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", kutoka Mtwara kwenda kompyuta yake. Inajibu. Nikamwambia mtandao uko sawa, azime kompyuta awashe. Akafanya hivyo. Haikusaidia. Nikamwomba yeye apige ping kuja kwenye seva ya Mtwara.

"Kimya, kaka. Haijibu."

Kutoka Mtwara inajibu, kutoka Masasi haijibu. Waya ni uleule, majirani wote Full, hakuna sheria iliyobadilishwa. Nilikaa nikitazama skrini kama dakika tano bila kugusa kitu.

Kisha nikaangalia jedwali la njia kila upande. Masasi ilikuwa inakuja Mtwara moja kwa moja, gharama 10. Mtwara ilikuwa inakwenda Masasi kwa kupitia Lindi, gharama 60. Wiki iliyopita nilipokuwa najaribu mzunguko wa Lindi, niliongeza gharama ya handaki la Masasi kwa upande wa Mtwara hadi 100, na sikuirudisha. Gharama katika OSPF ni ya anayetoka: kila upande unaamua njia yake ya kwenda, na hakuna anayelazimisha njia ya kurudi ifanane.

Kwa ruta tupu hilo si tatizo. Barua itakwenda kwa gari na majibu yatarudi kwa jahazi, mradi zifike. Lakini Lindi hakuna ruta tupu; kuna faiawoli, na faiawoli inaweka daftari. Mtu akitoka, inamwandika. Anaporudi, inamfungulia kwa sababu ilimwona akitoka. Ombi la karani la kufungua mazungumzo lilikuja Mtwara moja kwa moja, Lindi haikuliona. Jibu la seva likapita Lindi. Lindi ikatazama daftari lake, haikukuta ombi lolote la jibu hilo, ikalihesabu kuwa batili, ikalitupa. Ilifanya kazi yake ipasavyo.

Na ping? Linux inafungua ukurasa mpya kwa ombi la ping, haifungui kwa jibu la ping. Mimi nilipopiga kutoka Mtwara, ombi langu lilipita Lindi na kuandikwa, jibu likarudi kwa njia ya moja kwa moja, na Mtwara ikalipokea kwa sababu ilinijua. Karani alipopiga, ombi lake lilikuja moja kwa moja, jibu likapita Lindi, ambako ombi hilo halikuwa limeandikwa. Ndiyo maana mimi niliona uzima na yeye akaona kifo, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Nimefungua mfumo wangu kutoka Mtwara kwenda Masasi kwa TCP nikaona nao umekwama, ingawa ping ilikuwa inapita. Ombi la kwanza linapita Lindi, jibu halipiti Lindi, hatua ya tatu inapita Lindi tena. Lindi inaona mtu anayesema "nimekubali" kabla hajajibiwa. Batili.

Nimerudisha gharama kuwa 10 pande zote. Karani akasema, "Imefunguka." Ilikuwa saa saba kasoro.

Nimemwomba radhi. Nilimwambia azime kompyuta wakati ubovu ulikuwa mezani kwangu, na kwa masaa matatu alikuwa na watu dirishani. Kuanzia leo, mtu akisema haifunguki, nitaanza kwa kumwuliza yeye anaona nini kutoka alipo, kabla ya kumweleza mimi naona nini.

Jumatano, 20 Agosti

Kurudisha gharama kulitibu jana, hakutibu kesho. Siku faiba ya Masasi ikikatika kweli, mazungumzo yote yaliyo wazi yatahamia Lindi katikati ya sentensi. Lindi itakuwa haijayaandika. Na katika sekunde chache za mpito, upande mmoja unaweza kuwa umeshahama na mwingine bado. Itifaki ikifanya kazi yake vizuri kabisa, ndiyo hasa itakayompeleka msafiri kwenye lango lisilomjua.

Linux ina huruma kidogo hapa: kwa kawaida inakubali kuandika mazungumzo ya TCP iliyoyakuta katikati, mradi sheria za upande huo zinaruhusu mazungumzo mapya. Lakini sikutaka kazi ya msimu mzima isimame juu ya huruma.

Uamuzi wangu: Lindi isiweke daftari kwa mizigo inayopita tu. Pakiti inayoingia kwa handaki na kutoka kwa handaki, kutoka mtandao wetu kwenda mtandao wetu, haiandikwi. Inakaguliwa anwani zake za kutoka na kwenda, basi, na inapita. Ukaguzi wa kweli, wenye daftari, unafanyika kwenye malango mawili ambayo hayawezi kuepukwa: faiawoli ya ghala na faiawoli ya Mtwara. Hata njia ibadilike mara ngapi, kila pakiti ya Masasi itapita kwa mlinzi wa Masasi, na kila pakiti ya seva itapita kwa mlinzi wa Mtwara. Hao wawili wanaona pande zote mbili za mazungumzo daima. Lindi katikati ni barabara.

Mizigo ya Lindi yenyewe, ya kompyuta zake, inaendelea kuandikwa kama kawaida. Na kati ya maghala hakuna NAT, yaani kubadilisha anwani za pakiti njiani, mahali popote, kwa kuwa NAT ya kawaida ya Linux inategemea daftari.

Bosi aliuliza kama hatujadhoofisha ulinzi. Ni swali zuri. Tulichora pamoja kwenye karatasi, tukafuata pakiti moja kwa kidole kutoka mizani ya Masasi hadi seva, kwa njia zote mbili, tukihesabu imekaguliwa mara ngapi. Mbili kwa kila njia. Akaridhika.

Alhamisi, 28 Agosti

Sekunde 40 za kungoja jirani atangazwe amekufa ni nyingi kwa karani mwenye foleni. Wiki iliyopita niliwasha BFD, itifaki ndogo ambayo kazi yake ni kuuliza "upo?" mara nyingi na kuiambia OSPF mapema. Niliiacha na vipimo vyake vya kawaida vya FRRouting: kila milisekunde 300, ikikosa mara tatu basi. Chini ya sekunde moja.

Kila usiku, saa nane kamili, majirani wote wa Mtwara walianguka na kuinuka. Usiku wa kwanza nilidhani ni umeme. Usiku wa pili, saa ileile. Usiku wa tatu sikulala, nilikaa na kumbukumbu za mfumo mbele yangu, na saa ilipogonga nikaona: ndio wakati Proxmox inapochukua nakala rudufu ya mashine pepe. Inapoanza, mashine inasimamishwa kitambo kidogo. Mtumiaji hawezi kuhisi. BFD ya chini ya sekunde moja inahisi, na inatangaza msiba.

Vifaa vya chuma havipatwi na hili. Faiawoli pepe ina maisha mawili, la mtandao na la seva inayoibeba, na vipimo vya kwenye vitabu vimeandikwa kwa lile la kwanza. Laini ya simu nayo ina mitetemo yake, hasa jioni watu wanapokuwa wengi hewani.

Sasa BFD inauliza kila sekunde moja, na inasubiri ikose mara tano. Usiku tatu zilizofuata zimepita kimya.

Alhamisi, 4 Septemba

Wenzetu wa Dar es Salaam wanataka kuona mitandao ya maghala, na hawataki OSPF yetu ichanganyike na yao. Wako sahihi. Hapo tumetumia BGP, itifaki ya kupeana njia kati ya mitandao inayojitegemea, kila upande na namba yake ya mtandao ya faragha katika safu ya 64512 hadi 65534, juu ya TCP poti 179. Kwa faiawoli BGP ni nyepesi kuliko OSPF: poti moja, jirani anayejulikana kwa anwani, hakuna matangazo ya kundi.

Kilichochukua muda ni vichujio. Tunatoa mitandao yetu minne tu, tunapokea ya kwao miwili tu, na chochote kingine kinakataliwa pande zote. Februari 2008 mtoa huduma mmoja wa Pakistan alikusudia kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, tangazo la njia likavuja nje, na sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube kwa karibu saa mbili. Sisi ni wadogo, lakini namna ya kuvuja ni ileile. Mstari mmoja unaokosekana unatosha.

Jumamosi, 13 Septemba. Masasi

Siku ya kuchomoa.

Nilimpa mzee wa ghala heshima ya kuchomoa waya wa faiba kwa mkono wake. Karani alikuwa amefungua mfumo na anapakia picha za stakabadhi kwenda Mtwara. Mimi nikaweka ping ya kila sekunde na kuanza kuhesabu kwa sauti.

Mzee akachomoa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Majibu yakarudi, sasa yakiwa mazito kidogo, ya laini ya simu. Upakiaji wa picha ulisimama kisha ukaendelea palepale ulipokuwa. Karani hakuguswa; alikuwa bado anatazama skrini akisubiri tatizo litokee.

"Tayari?" mzee aliuliza, waya mkononi.

"Tayari, mzee. Imeshahamia Lindi."

Akautazama ule waya, akautazama mlango wa kabati, akaniambia niurudishe mwenyewe asije akaukosea. Njia ilirudi kwenye faiba bila kupoteza pakiti, kwa kuwa njia ya simu iliendelea kuwa hai mpaka jirani wa faiba alipokuwa Full.

Tumerudia mara nane, tukabadilisha mpangilio: faiba kwanza, simu kwanza, Lindi kuzimwa, Mtwara kuwashwa upya. Mara moja tu ilikatika kabisa, Lindi ilipozimwa wakati faiba iko nje. Hilo ni haki yake. Hapo Masasi haina njia nyingine.

Jumatatu, 22 Septemba. Mtwara

Asubuhi nilipofungua kumbukumbu za mfumo nilikuta mistari miwili ya jana. Saa kumi na dakika 14 jioni jirani Masasi kupitia faiba ameanguka. Saa kumi na mbili na dakika 51 amerudi. Zaidi ya saa mbili na nusu. Hakuna aliyenipigia.

Nikampigia mzee. "Shikamoo mzee. Jana jioni mtandao ulikuwaje?"

"Marahaba mwanangu. Jana tulikuwa tunapokea magunia matupu mpaka magharibi. Ulikuwa sawa tu. Kwani ulikuwaje?"

Nikamweleza. Kumbe greda lilikuwa linasawazisha kando ya barabara na yeye aliliona likipita.

Yaliyobaki: Newala inahitaji betri kubwa zaidi, kwani umeme ukikatika zaidi ya saa moja seva inazima na OSPF haina la kusaidia. Mtwara bado ina faiawoli moja pepe kwenye seva moja. Nataka ya pili kwenye seva nyingine kabla ya mnada wa kwanza. Jumatano napanda Newala na gari la magunia, betri nimeshazifunga.